Gari Lililosimama Nalo Huua

Watu wengi hudhani kwamba sheria ya uendeshaji wa hatari humhusu dereva akimbizaye gari tu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka jambo hilo lilipofika nyumbani kwetu. Basi nataka kuwaeleza wenzangu niliyojifunza, maana shule yetu iko karibu na barabara kuu iendayo Malaba, na wengi wetu tuna baba au kaka walio madereva.

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa lori, akichukua mizigo Mombasa na kuileta huku kwetu Uganda. Usiku mmoja lori lake lilivunjika ekseli upande wa Kenya, kabla hajafika mpakani, likaziba nusu ya njia. Alikata matawi machache, akayatupa nyuma ya lori, akaenda kutafuta fundi. Hakuweka pembetatu nyekundu zinazong'aa, wala taa haikuwaka. Kabla hajarudi, kijana mmoja wa bodaboda, mwenye miaka 19, aliligonga lori lile gizani akafa papo hapo.

Jirani zetu walisema, "Ajali haina kinga." Baba mdogo naye alimwambia askari, "Afande, mimi sikuwa hata ndani ya gari." Lakini neno hilo halikumwokoa, na sababu yake ni hii.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika mwaka 1954, na tangu hapo imerekebishwa mara nyingi. Fungu la 46 lamhusu mtu aliyesababisha kifo kwa kuendesha gari bila kujali, au kwa mwendo au namna iliyo hatari kwa watu. Kisha laongeza: au kwa kuliacha gari barabarani mahali, au katika hali, inayoleta hatari. Mahakama hutazama barabara ilivyo, matumizi yake, na wingi wa magari yaliyokuwapo au ambayo ingefaa kuyatazamia. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Njia ilikuwa tupu nilipoondoka." Katika barabara ya Mombasa, nani asiyejua kwamba mwingine atakuja?

Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10. Tena mahakama hufuta leseni na kumzuia mkosaji asipate nyingine kwa miaka 3. Miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya hukumu, au tangu kifungo kinapokwisha, ikiwa ndiyo siku ya baadaye. Yaani miaka ya gerezani haimpunguzii mtu zuio hilo hata siku moja.

Ikiwa hakuna aliyekufa, uendeshaji wa hatari huangukia fungu la 47. Kwa kosa la kwanza, faini yaweza kufika shilingi 100,000 za Kenya, au kifungo miaka 2, au vyote viwili. Chini yake liko fungu la 49, la dereva asiye mwangalifu au asiyewajali wenziwe njiani. Hilo ni kosa dogo kuliko la hatari, lakini ni kosa.

Baba mdogo alifungwa. Alipotoka hakuweza kurudia kazi yake, kwa kuwa safari zote zilikuwa za Kenya. Sasa analima. Baba yangu alikwenda kuwapa pole wazazi wa yule kijana. Walimkaribisha, wakampa chai, wala hawakumtukana. Alirudi akakaa siku mbili bila kusema neno.

Mimi nina miaka 19 sasa, sawa na yule marehemu. Nisikiapo watu wakisema ajali haina kinga, hujiuliza: pembetatu mbili zilizokaa chini ya kiti cha lori zilikuwa nini, kama si kinga? Ewe mwenzangu, ukipanda gari la baba au la kaka, zitafute kwanza. Likiharibika njiani, ziwekeni kabla ya kumwendea fundi.