Chesisi ya mabomba: soma kabla hujawasha mashine

Kijana kaniuliza juzi pale Darajani: bro, gari inaundika nyumbani? Nikamwambia Kenya walithubutu. Mobius, kampuni ya Joel Jackson, iliunda gari juu ya fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Mwaka 2024 walitangaza kufunga, ila somo la fremu liko palepale.

Siri ni pembetatu. Pigilia vijiti vinne, msumari mmoja kila kona, kisha sukuma: vinalala. Ongeza cha tano kona kwa kona: havilali tena. Ndo maana bomba jembamba linabeba uzito.

Panga mabomba kwenye sakafu iliyonyooka, yashike kwa nukta tu. Pima kona kwa kona, njia zote mbili. Zikilingana ndo umalizie, ukirukaruka upande huu na ule. Ukichoma upande mmoja mfululizo, joto linavuta chuma na fremu inapinda.

Bomba la maji lenye zinki achana nalo, moshi wake unaleta homa. Kioo cha giza usoni ni lazima.

Halafu chumvi yetu ya bahari. Geti letu lilikuwa na rangi safi, nikaligonga nyundo likatoboka! Lilikuwa limeoza kwa ndani. Sasa fikiria hilo ndo gari, na umempakia mama. Ziba ncha zote za mabomba.

Na kabla ya barabarani, fundi aliyesomea akague viungo, breki na usukani. Nawasilisha.