Tahasusi Sahihi, Mzigo Unaobebeka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Masomo ya Kidato cha Tano

Kila mwaka, baada ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kutangaza matokeo ya Kidato cha Nne, maelfu ya familia nchini hukabiliwa na swali moja: kijana asome tahasusi gani? Majibu mengi hutolewa kwa haraka. Mzazi anataka daktari, rafiki amechagua PCM, jirani anasema masomo ya sanaa hayana ajira. Mwanafunzi hujaza chaguo lake, na mara nyingi hugundua uzito wa uamuzi huo akiwa tayari katikati ya safari.

Kwa miaka mingi uchaguzi huo ulihusu tahasusi chache zinazofahamika, zikiwemo PCM, PCB, CBG, EGM, HGE, HGL na HKL. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla yake kufikia 65. Wigo umepanuka, na pamoja nao umeongezeka wajibu wa kupanga kwa makini.

Mlango wa kwanza hufunguliwa Kidato cha Tatu

Wengi huamini kuwa tahasusi huamuliwa baada ya matokeo ya Kidato cha Nne. Ukweli ni kwamba uamuzi huanza mapema zaidi, pale mwanafunzi anapovuka Kidato cha Pili na kuruhusiwa kuacha baadhi ya masomo. Anayeacha Fizikia na Kemia akiwa Kidato cha Tatu kwa sababu alipata alama ndogo katika Upimaji wa Kidato cha Pili, ameziaga PCM, PCB na CBG hata kama hakukusudia.

Upande wa pili wapo wanaong'ang'ania kila somo. Daraja la ufaulu wa Kidato cha Nne hukokotolewa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mwanafunzi mwenye masomo tisa au kumi anaweza kujikuta akigawa muda wake vipande vidogo mno, akipata D katika masomo mengi badala ya C au B katika yale yanayojenga tahasusi anayoitamani. Somo la ziada lina faida pale tu linapofungua njia ambayo masomo mengine hayaifungui.

Uzito wa tahasusi haulingani

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano huanza masomo mwezi Julai na kufanya mtihani wa Kidato cha Sita mwezi Mei wa mwaka wa pili. Huo ni muda wa takriban miezi 22, likizo zikiwa ndani yake, na kabla ya mtihani wa Taifa kuna mtihani wa utimilifu, maarufu kama moko.

Ndani ya muda huo mzigo hutofautiana. Kwa muundo wa mitihani uliozoeleka, Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja lina karatasi tatu, ikiwemo ya vitendo, ilhali Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Uchumi na Hisabati ya Juu huwa na karatasi mbili kila moja. Hivyo mwanafunzi wa PCB, ukijumuisha Hisabati Tumizi ya Msingi (BAM) na somo la GS, hukabiliwa na karatasi 11. Wa HKL, pamoja na GS, hukabiliwa na karatasi saba.

Idadi hiyo haimaanishi kuwa masomo ya sanaa ni mepesi. Historia na lugha hudai usomaji mpana wa vitabu na uandishi wa insha ndefu, kazi isiyoweza kufanywa usiku mmoja kabla ya mtihani. Sayansi hudai saa za maabara na mazoezi ya ukokotoaji ya kila siku. Jambo la kujiuliza ni aina ipi ya kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya kwa uthabiti wiki baada ya wiki.

Daraja pekee halitoshi

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Katika Kidato cha Sita daraja hukokotolewa kwa pointi, A ikiwa 1 na F ikiwa 7, na Daraja la Tatu huanzia pointi 13 hadi 17. Vyuo vikuu hutumia hesabu nyingine: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa wahitimu wa kuanzia mwaka 2016, utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) unahitaji angalau pointi 4.0 kutoka katika masomo mawili yanayohusiana na programu inayoombwa.

Chukulia wanafunzi wawili. Wa kwanza amepata E katika masomo yote matatu, yaani pointi 15. Wa pili amepata D, D na S, yaani pointi 14. Wote wana Daraja la Tatu. Hata hivyo, wa kwanza ana pointi 2 tu za udahili kutoka katika masomo mawili, na wa pili anazo 4. Mmoja anaweza kuomba nafasi ya shahada moja kwa moja ikiwa masomo hayo yanaendana na programu, na mwingine atalazimika kutafuta njia ndefu zaidi. Tahasusi iliyomzidi mwanafunzi uwezo inaweza kumpa cheti chenye daraja, kisha ikamwacha nje ya lango la chuo.

Kuanzia mwisho kurudi mwanzo

Njia salama ni kuanza na fani inayotarajiwa, kusoma sifa zake katika mwongozo wa udahili wa TCU, kisha kurudi nyuma hadi kwenye tahasusi. Udaktari wa binadamu hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kwa hiyo CBG, ambayo haina Fizikia, haimfikishi huko. PCM hufungua milango ya uhandisi lakini haina Baiolojia. EGM humfaa anayelenga uchumi, uhasibu au takwimu.

Baada ya hapo mwanafunzi alinganishe ndoto hiyo na alama zake halisi, akimshirikisha mwalimu wa taaluma na walimu wa masomo husika, ambao wameona kazi zake kwa miaka minne. Ikiwa Kemia imekuwa ikimpa C kwa taabu, ni vyema kuuliza mapema kama shule anayoitaka ina maabara na walimu wa kutosha.

Aliyejaza chaguo kabla ya mtihani hupewa fursa ya kulibadili kupitia mfumo wa Selform wa Ofisi ya Rais – TAMISEMI baada ya matokeo kutoka. Fursa hiyo ina ukomo wa tarehe, hivyo haifai kusubiri siku ya mwisho. Katika mfumo huohuo zipo nafasi za vyuo vya kati, na kwa kijana mwenye nia ya afya, ufundi au kilimo, stashahada inaweza kumfikisha kwenye taaluma hiyo kwa njia iliyo sawa na uwezo wake.

Wazazi na walezi wana nafasi kubwa ya kushauri. Hata hivyo, atakayekaa darasani kwa miezi hiyo yote ni mwanafunzi mwenyewe. Sauti yake isikilizwe kabla ya fomu kujazwa.