Umri wa Maji ya Mwingi

Aghalabu mtu asikiapo habari za elimu ya nyuklia, fikira zake huenda mbio hadi Hiroshima na Chernobyl, asiwaze hata kidogo kuwa elimu hiyo hiyo, pamoja na hofu yote iliyoizunguka, yaweza kumjuza mkaazi wa Mwingi, huku Kitui, kama maji ayatekayo yalinyesha mwaka juzi au katika zama za mababu zake. Na kwa nchi kame kama hii, ambayo mvua zake ni za misimu miwili na kila msimu una tabia ya kukhini, habari hiyo si anasa.

Nenda mto Tyaa wakati wa kiangazi, nawe utaona mchanga mtupu toka ukingo hata ukingo, na juu yake punda waliobebeshwa mitungi wakingoja zamu, ilhali mwanamke aliyeinama kisimani achota kwa kikombe maji yanayojikusanya polepole, akiyasubiri yatuame kabla ya kuyamimina. Je, hayo ni mafuriko ya msimu uliopita yaliyohifadhika mchangani, hususan nyuma ya mabwawa ya mchanga ambayo wananchi wa Kitui wamezoea kuyajenga kwa kukingamisha ukuta wa mawe na saruji mtoni, ama yatoka mbali chini ya miamba? Macho hayawezi kuamua. Maji yenyewe ndiyo yatoayo ushahidi.

Kwani maji yote, ingawa ni hidrojeni na oksijeni, hayana uzito mmoja. Jua likiyapiga, chembe nyepesi hutangulia kupanda hewani na zilizo nzito husalia, hata maji ya bwawa la wazi yakawa na alama ambayo maji yaliyositirika mchangani hayanayo kwa kiasi hicho. Fauka ya hayo, iko hidrojeni iitwayo tritiamu, ambayo hupungua nusu kila miaka 12 na ushei, na ambayo mabomu yaliyojaribiwa hewani kabla ya mkataba wa mwaka 1963 uliokataza majaribio ya hewani yaliitawanya kwa wingi mvuani. Maji yasiyokuwa nayo aghalabu ni ya mvua iliyotangulia mabomu hayo, na kwa yaliyo makongwe zaidi hutumiwa kaboni-14, ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Mpimaji hujaza kichupa hadi juu kabisa, pasibakie hewa, akakifunga barabara na kukipeleka maabara. Hatii mionzi yoyote majini, na kisima hubaki kama kilivyokuwa. Matokeo hulinganishwa na vipimo vya mvua ambavyo Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limevikusanya tangu miaka ya 1960, Entebbe ikiwa miongoni mwa vituo vyake vya zamani.

Wala manufaa ya elimu ya nyuklia hayaishii majini. Msafiri atokaye Nairobi kuja Mwingi hupita Kahawa, ambako Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mtambo wa kutengeneza florini-18, ambayo hutiwa katika dawa ya kuonyesha saratani ilipojificha mwilini, nayo hupungua nusu kila dakika 110, hivyo haina budi kutumiwa upesi. Mbele yake, Kilimambogo, kipo kituo kinachosikiliza mitetemo ya ardhi, kimoja katika mtandao wa mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, na vipimo vyake huwafaa pia wanafizikia wachunguzao matetemeko.

Basi enyi mnaoketi katika kamati za maji, Kyuso hata Nguni, msiridhike kuulizia kina cha kisima na chumvi yake peke yake. Kabla fedha za umma hazijazamishwa mwambani, ulizeni pia umri wa maji yake. Maji machanga hurejeshwa na mvua ijayo. Yaliyo makongwe, yakishatekwa, hayatarudi katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu.