Klabu ya Mfuko Mmoja Haidumu

Kila msimu wa ligi unapokaribia ukingoni, mabishano huwa makali hapa Siongiroi: ni nani atakayelitwaa taji? Wanafunzi wetu wanaweza kukutajia bila kusita bei ya kila mchezaji aliyenunuliwa na Chelsea, Arsenal au Manchester City. Waulize, hata hivyo, yaliyoipata klabu ya Zoo ya Kericho, jirani yao, nao wengi watakutazama tu. Ningependa leo, wasomaji wapenzi, tulitafakari suala hili la fedha na mataji, kwa maana naona vijana wetu wamefunzwa nusu ya somo.

Nusu wanayoijua ni ya kweli. Fedha hununua mataji. Mwaka 2003 tajiri wa Kirusi, Roman Abramovich, aliinunua Chelsea, na kufikia 2005 klabu hiyo ilikuwa bingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza katika miaka 50. Kabla yake, Jack Walker alikuwa ameimiminia Blackburn Rovers mali yake, nayo ikatawazwa bingwa mwaka 1995. Nusu wasiyoijua ni hii: miaka minne tu baada ya sherehe hizo, Blackburn ilishushwa daraja.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mifano. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilinyakua ubingwa wa Kenya mwaka 2001 na 2002. Leo jina lake halimo katika ligi kuu. SoNy Sugar ya Awendo, ng'ambo ya Trans Mara, ilikuwa bingwa mwaka 2006. Kiwanda cha sukari kilipozongwa na madeni, timu nayo ikadhoofika, na mwaka 2019 ikafukuzwa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani katika mechi tatu. Jirani yetu mwingine, Chemelil Sugar, naye akaipa ligi kuu kisogo mwaka 2020. Wachezaji hawakuwa wamesahau kusakata gozi. Mfuko ulikauka, na hapakuwa na mfuko wa pili. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mwaka huo huo wa 2019, kampuni ya SportPesa iliondoa udhamini wake kwa Gor Mahia na AFC Leopards. Gor ilitikisika, mishahara ikachelewa, wachezaji kadhaa wakaondoka. Mbona basi haikuzama kama SoNy? Ni kwa sababu Gor, iliyoasisiwa mwaka 1968, ni mali ya watu. Mashabiki walichangishana, timu ikaendelea kucheza, na msimu huo ulipokatizwa na ugonjwa wa korona ni Gor iliyotangazwa bingwa. Ikarudia tena mwaka 2023 na 2024.

Najua kuna atakayenipinga kwa kunikumbusha kwamba Leopards nayo ina mashabiki tele, ilhali baada ya taji la 1998 ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kupata jingine. Pingamizi hilo ni la haki. Umati peke yake si rasilmali. Umati unahitaji hesabu safi, viongozi waaminifu na chimbuko la wachezaji. Mathare United iliundwa mwaka 1994 kutokana na vijana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi waliolelewa na chama chao cha michezo tangu utotoni. Ilisubiri miaka 14, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Kikosi hicho kililelewa, hakikunuliwa.

Na uaminifu ukikosekana? Zoo ilipanda hadi ligi kuu mwaka 2017, na uwanja wa Kericho ukapata wageni ambao awali tuliwasikia redioni tu. Mwaka 2021 FIFA iliiondoa katika ligi hiyo kwa sababu ya upangaji wa matokeo ya mechi. Pigo hilo lilituumiza sote, hata sisi tusiokuwa na hisa ndani yake. Mchezaji asiye na uhakika wa mshahara ni windo rahisi la wanunuzi wa matokeo, na klabu isiyo na wenyewe haina jicho la kuwaona wakija.

Ajabu ni kwamba sisi wa nchi hii ya majani chai na maziwa tunaijua dawa. Kila asubuhi wafugaji wa Siongiroi hupeleka maziwa kituoni, huyu lita tano, yule lita kumi, na tangi likajaa. Hakuna mfugaji mmoja ambaye ng'ombe wake wakikauka kituo kitafungwa. Kule wanakochuma chai, wakulima wadogo wana hisa katika viwanda vinavyosaga majani yao. Ikiwa ushirika unaweza kuendesha kiwanda, utashindwaje kuendesha timu ya kandanda?

Kuna na faida ambayo walimu wenzangu wanapaswa kuifahamu. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei yake hugawiwa klabu zilizomfunza kati ya umri wa miaka 12 na 23. Mwaka 2013 Victor Wanyama wetu aliuzwa na Celtic ya Uskoti kwa Southampton ya Uingereza kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 12.5. Kwa kiwango hicho, mwaka mmoja tu wa kumfunza mtoto wa miaka 14 una thamani ya pauni 31,250. Lakini fedha hizo hulipwa klabu iliyosajiliwa, yenye kumbukumbu za maandishi. Kocha aliyemfunza kijana kwa miaka minne bila karatasi hapati hata senti.

Kwa hiyo, walimu, fungueni daftari. Andikeni majina, tarehe za kuzaliwa na misimu ya kila mtoto anayecheza katika mashindano ya shule, kisha shirikianeni na wazazi kusajili klabu ya kijiji yenye wanachama, ada ndogo na mweka hazina anayesoma hesabu hadharani. Nanyi wanafunzi, ishangilieni Arsenal mpendavyo, lakini mjue kwamba kelele zenu haziongezi chochote huko London. Mcheza kwao hutuzwa, na kabla ya kutuzwa lazima pawepo kwao pa kuchezea.