Benitoiti: Jiwe la Buluu Lililodhaniwa Kuwa Yakuti

Mapema mwaka 1907 mtafuta madini James Couch aliona fuwele za buluu katika milima ya wilaya ya San Benito, jimbo la California, nchini Marekani. Kwa uzuri wake, baadhi ya watu walizidhania kuwa yakuti samawi. George Louderback, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, alipozichunguza aligundua kuwa ni madini mapya yasiyojulikana na sayansi. Akayaita benitoiti, kwa jina la mahali yalipotoka. Ingawa fuwele za aina hiyo zimepatikana kwingineko, kama vile Japani, karibu mawe yote yafaayo kuchongwa vito yametoka San Benito. Mwaka 1985 California ililifanya jiwe hilo kuwa kito rasmi cha jimbo. Aliyeridhika na jina la yakuti angalipoteza jiwe lililo adimu kuliko yakuti.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Rangi ya buluu ni mlango tu. Ya ndani huonekana gizani. Benitoiti ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, hung'aa kwa buluu kali. Yakuti samawi kwa kawaida haing'ai hivyo. Lakini taa ndogo za kukagulia noti za bandia hazifai kwa kazi hii, kwani nyingi hutoa mawimbi marefu, ambayo benitoiti haiyaitikii ipasavyo.

Hata hivyo, kama askari mpelelezi asivyofunga kesi kwa shahidi mmoja, mtafuta mawe naye asitosheke na mng'ao peke yake. Kalsaiti na madini mengine mengi hung'aa chini ya taa hiyo. Uzi wa nguo iliyofuliwa kwa sabuni ya unga hung'aa pia, na hata nge hutoa mwanga wa kijani. Basi mkono usitangulie jicho.

Mashahidi wengine huitwa mchana. Kwanza ni umbo: fuwele za benitoiti mara nyingi huwa na pembe tatu. Pili ni majirani: hukaa pamoja na natroliti nyeupe na neptuniti nyeusi. Tatu, jiwe likigeuzwageuzwa kwenye mwanga, buluu yake huweza kufifia upande mmoja hadi kukaribia kutokuwa na rangi. Nne ni ugumu: katika kipimo cha Mohs, benitoiti hufikia 6 hadi 6.5, na yakuti 9. Lakini fuwele nzuri isikwaruzwe kwa majaribio, maana mkwaruzo hupunguza thamani. Uthibitisho wa mwisho ni wa maabara.

Taa ya mawimbi mafupi hudhuru macho na ngozi. Mtumiaji avae miwani ya kuzuia miale hiyo, afunike mikono, wala asimmulike mtu. Watoto wasiachiwe kuichezea. Milima ya San Benito ina asbesto katika miamba yake, na vumbi lake huharibu mapafu. Kwa sababu hiyo serikali ilifunga sehemu kubwa ya ardhi ya umma huko mwaka 2008. Jiwe, hata liwe adimu namna gani, halilipi gharama ya jicho wala pafu.