Fahamu: Wahafidhina wa Marekani na majaribio kwa wanyama

Utetezi wa wanyama wa maabara nchini Marekani huhesabiwa kuwa hoja ya mrengo wa kushoto, ilhali baadhi ya hatua kubwa za kisera zimetoka kwa wahafidhina, yaani wanaopendelea serikali ndogo na matumizi machache ya umma. Mwaka 2019 Andrew Wheeler, mkuu wa Shirika la Kulinda Mazingira chini ya Donald Trump, aliagiza majaribio ya sumu kwa mamalia yakomeshwe ifikapo 2035, isipokuwa kwa kibali maalumu. Baadhi ya wanamazingira walipinga wakihofia kwamba kemikali hatari zingepita bila kugunduliwa, hofu isiyostahili kubezwa, kwa kuwa utawala huohuo ulikuwa ukilegeza masharti ya viwanda.

Mwaka 2022 Seneta Rand Paul wa Republican, akishirikiana na Cory Booker wa Democratic, alisukuma sheria iliyoruhusu dawa mpya zipimwe kwa njia mbadala, kama vile seli zilizooteshwa maabara na programu za kompyuta, ingawa haikukataza majaribio kwa wanyama, kinyume na wanavyodhani wengi.

Hoja kuu ya wahafidhina hao ni fedha za walipa kodi, lakini ipo pia ya kidini: Matthew Scully, aliyemwandikia hotuba Rais George W. Bush, alidai katika kitabu chake cha 2002 kwamba mamlaka ya binadamu juu ya wanyama humwajibisha kuwahurumia, wakiwemo wanaofugwa kiviwanda, suala ambalo wanasiasa wengi wa mrengo wake hulikwepa.