Mtoto Kupimwa Usonji: Maelezo ya Mzazi kwa Wazazi Wenzake

Katika miji yetu ya pwani, mtoto akiukaribia mwaka wa tatu bila ya kusema, jamaa wote hugeuka matabibu: mmoja hunena kwamba watoto wa kiume aghalabu huchelewa, wa pili hushauri azinguliwe kwa kuwa pengine amepatwa na kijicho, na wa tatu, kwa sauti ya chini, humlaumu mama. Kauli hizi hutokana na mapenzi, wala sizidharau. Lakini hakuna hata moja inayomtazama mtoto mwenyewe, na kutazamwa vema, na watu wenye maarifa, ni haki yake.

Mwanangu alikuwa na siha njema na uso wa bashasha. Hata hivyo hakugeuka alipoitwa jina lake, hakuwahi kunyoosha kidole kutuonyesha ndege wala mashua, na aliweza kupanga vizibo vya soda mstari mmoja muda mrefu pasipo kutaka mwenzi wa kucheza naye. Ilhali pakiti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili, alisikia akaja mbio. Dalili za namna hii, na hasa mtoto kupoteza maneno aliyokwisha kuyajua, zampasa mzazi kwenda kwa tabibu bila ya kungoja.

Yafaa ifahamike kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo iwezayo kuuthibitisha usonji. Ithibati yake hupatikana kwa kumtazama mtoto na kumsikiliza amleaye. Sisi tulianzia kwenye masikio, kwa kuwa mtoto kiziwi naye haitiki aitwapo. Kisha nikaulizwa maswali: mojawapo ya orodha zitumikazo sana duniani ina maswali 20, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, nayo ni kama chekeche, huwatenga wanaohitaji kuangaliwa zaidi wala haitoi hukumu. Baada ya hapo wataalamu walikaa na mwanangu sakafuni, wakapuliza mapovu ya sabuni, kisha wakasita makusudi, wapate kuona kama ataomba zaidi, na ataomba kwa neno, kwa jicho, au kwa kuushika mkono wa mtu na kuuvuta kwenye chupa. Mambo wanayoyapima ni mawili: namna mtoto anavyowasiliana na kuchangamana na watu, na tabia ya kurudia matendo yale yale, pamoja na wepesi au uzito wa hisi zake mbele ya sauti, mwanga na mguso.

Hapa ndipo ushahidi wa mzazi unapokuwa na thamani kubwa. Vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani, ambako mtoto hutarajiwa kumtazama mkubwa usoni, ilhali kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho. Tena huenda akapewa michezo asiyopata kuiona maishani mwake. Watafiti wa Kilifi walilizingatia jambo hili walipotunga kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kwa kufuata mazingira ya wenyeji. Kwa hiyo mzazi aombe mtoto asemeshwe kwa lugha ya nyumbani, aende na picha za video za mtoto akicheza na nduguze, na ikiwezekana afuatane na bibi yake, ambaye amelea wengi na ajua kulinganisha.

Ama lawama kwa mama, hiyo haikuzaliwa pwani peke yake. Baada ya tabibu Leo Kanner wa Baltimore kuwaeleza watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943, wanazuoni kadhaa walishikilia kwa miaka mingi kwamba chanzo ni ubaridi wa wazazi, mpaka Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alipoipinga dhana hiyo kwa hoja katika kitabu chake cha mwaka 1964. Kadhalika makala ya mwaka 1998 iliyoishuku chanjo kuwa chanzo cha usonji ilifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile lililoichapisha.

Majibu yetu yalipotoka, mama yangu aliuliza, "Basi atapona lini?" Mtaalamu akamjibu kwa taadhima: "Mama, huku si kuugua. Ndivyo ubongo wake ulivyokua, nasi tutamfundisha kwa njia aielewayo yeye." Njia hiyo ilikuwa mazoezi ya kusema, picha za kuonyesha haja zake, na ratiba ya siku isiyobadilika ghafula. Kuhusu masomo, Kenya ina vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa mwaka 1984, ambavyo humwelekeza mzazi kwenye shule ifaayo.

Mwenye wasiwasi, basi, asizuiwe na hofu ya jina. Usonji ukiwapo, haukuletwa na kipimo. Ukiwa haupo, sababu nyingine ya kuchelewa itatafutwa mapema. Na wakati wa kungoja zamu, ambao aghalabu ni mrefu, usipite bure: keti na mtoto chini, cheza akipendacho, utaje kila akishikacho, na umpe nafasi ya kujibu kwa namna yoyote aiwezayo, kwa maana mafunzo hayo yamfaa kila mtoto, awe na usonji au asiwe nao.